Wagonjwa wa goti wanaacha mazoezi wiki ya 3: mnawapangiaje na mnawaambiaje?

fizio_wilayani:

Habari za kazi wakuu. Naomba mchango wa wanaoendesha kliniki ya fiziotherapia, hasa hospitali za wilaya na vituo vya afya.

Wengi wanaokuja kwetu na goti ni kina mama wa miaka 50 hadi 70. Uzito umezidi, wengine wana presha, na kazi zao ni za kusimama sokoni au kushika jembe. Goti linauma wakipanda ngazi na wakiinuka kwenye kigoda. Asubuhi linakaza dakika 10 au 15, wakitembea kidogo linalegea. Picha ya eksirei inaonyesha nafasi kati ya mifupa imepungua na vijimfupa vimeota pembeni. Yaani ni osteoathraitisi, ugonjwa wa maungio, isiyo na ubishi.

Nawapa mazoezi ya paja na nyonga mara 2 kwa wiki hospitalini, pamoja na karatasi ya mazoezi 14 ya nyumbani. Wiki mbili za mwanzo wanakuja vizuri. Wiki ya tatu nusu yao hawaonekani. Ukiwapigia simu unajibiwa, "Mwanangu, yale mazoezi yaliniongezea maumivu," au "Nimeambiwa mafuta ya goti yameisha, nikilikunjakunja mifupa itasagana." Wengine wamehamia kwenye maji ya bamia na supu ya makongoro, wengine wanatafuta sindano.

Je, mnatumia kipimo gani kujua zoezi limezidi? Siku ya kwanza mnamwambia mgonjwa maneno gani? Na vifaa mnafanyaje, maana sisi hatuna baiskeli ya mazoezi wala mipira ya kuvuta? Nawasilisha.

---

Gegedu:

Mkuu, kabla hujagusa mazoezi, angalia maelezo ya siku ya kwanza. Mgonjwa hakuambiwa kwamba goti litauma kidogo, kwa hiyo lilipouma akaamini limeharibika. Angeambiwa mapema, wiki ya tatu angekuja akakwambia "liliuma 4, kesho yake likatulia," na wewe ungejua la kufanya.

Kipimo ni maumivu ya 0 hadi 10, unayauliza mara nne: kabla ya mazoezi, wakati wa mazoezi, baada ya mazoezi na asubuhi ya kesho yake. Hadi 2 hakuna wasiwasi. Hadi 5 yanakubalika. Yakipita 5, punguza papo hapo. Sharti la pili ndilo linalosahaulika: ndani ya saa 24 maumivu yawe yamerudi pale yalipokuwa kabla ya mazoezi. Kama hayajarudi, dozi ilizidi. Punguza raundi au fanya zoezi liwe jepesi zaidi, lakini usilifute. Kanuni hii ndiyo inayotumika kwenye GLA:D, mpango ulioanza Denmark mwaka 2013: vipindi vichache vya elimu, kisha vipindi 12 vya mazoezi chini ya msimamizi, mara 2 kwa wiki kwa wiki 6.

Kuna wagonjwa ambao namba haziwaingii. Hao waangalie midomo. Akiwa anafanya zoezi huku anaongea na mwenzake, yuko salama. Uso ukikunjamana na maneno yakikatika katikati, mmevuka mpaka.

Sasa hilo la "mafuta yameisha." Usibishane naye, mwonyeshe. Alale chali, mguu umenyooka. Kwa kiganja, pandisha ute wa upande wa ndani wa goti kuelekea pajani mara mbili tatu, pale ndani patabonyea. Kisha telezesha mkono upande wa nje kutoka juu kwenda chini. Kama goti limejaa, utaona kijivimbe kinatokeza taratibu upande wa ndani. Mwambie aangalie mwenyewe: ute haujaisha, bali umezidi. Ni mwepesi kuliko ule wa goti lenye afya, ndiyo, ila upo. Hapo hapo mweleze kwamba goti likijaa maji, mishipa ya fahamu inapunguza amri inayokwenda kwenye misuli ya mbele ya paja. Ndiyo maana goti "linaachia" akiwa anashuka ngazi.

Halafu mweleze gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, linavyokula. Halina mishipa ya damu. Chakula chake kiko kwenye ute, na kinaingia goti likikandamizwa na kuachiwa, kama kitambaa cha kuoshea vyombo kinavyokamuliwa na kunyonya maji tena. Goti linalokaa bila kazi linakosa chakula. Bamia ni mboga nzuri na makongoro ni kitoweo kizuri, ila vyote vinasagwa tumboni kama chakula kingine. Hakuna njia inayopeleka utelezi wa bamia kwenye goti.

Na sisi wenyewe tuchunge ndimi zetu. "Goti limekwisha," "limesagika," "ni kama tairi lililoisha kashata": mgonjwa akisikia hayo kwa mtu mwenye koti jeupe, hatapanda hata kizingiti. Picha ya eksirei na maumivu haviendi sambamba. Wapo wenye picha mbaya wanaotembea vizuri, na wenye picha ya wastani wanaolala na maumivu. Mwongozo wa Uingereza wa 2022 unasema mtu wa miaka 45 au zaidi, mwenye maumivu yanayokuja na shughuli, ambaye goti halikazi asubuhi au halikazi zaidi ya dakika 30, hahitaji picha ili kujua ana osteoathraitisi. Kwa mama wa kijijini, fedha ya eksirei ni nauli ya kuja mazoezini mara kadhaa. Mimi naiona hiyo nauli ina faida zaidi.

Mwisho, usimwahidi wiki mbili. Mwambie wiki 6 hadi 12. Aliyeahidiwa wiki mbili ataondoka ya tatu, na ana haki.

---

bi_nyonga:

Nakubaliana na Gegedu. Mimi niongezee upande wa vifaa na dozi.

Kwanza, mazoezi 14 kwenye karatasi ni mengi mno. Weka 4. Mtu anayeamka saa 11 kuwasha jiko na kurudi sokoni saa 1 usiku hana muda wa 14, na akishindwa yote anaacha yote.

Kupasha mwili hakuhitaji baiskeli. Dakika 10 za kutembea koridoni kwa mwendo wa kutoa jasho jembamba zinatosha.

Zoezi namba moja kwangu ni kuinuka kitini, na nalisimamia kwa macho mawili. Kiti kisicho na magurudumu, kimegemezwa ukutani. Mwenye maumivu makubwa muongezee mto juu ya kiti, maana kadiri kiti kinavyokuwa juu goti linakunjwa kidogo na mzigo unapungua. Asogee mbele ya kiti, visigino virudi nyuma kidogo ya magoti, miguu iachane upana wa nyonga. Kifua kiende mbele hadi pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo asimame. Kukaa ahesabu moja, mbili, tatu. Makosa utakayoyaona ni haya: magoti yanaingia ndani yakigusana (mwambie ayaelekeze kwenye kidole cha pili cha mguu), anadondoka kitini badala ya kushuka, na lile la siri, anabeba uzito wote kwa mguu mzima, yaani usiouma. Hili la mwisho halionekani ukisimama pembeni. Simama mbele yake uangalie nyonga; zikiegemea upande mmoja, anaukwepa mguu mgonjwa. Dawa yake ni kusogeza mguu mzima mbele nusu hatua, mguu mgonjwa ubaki nyuma ufanye kazi. Lakini hilo ni la wiki ya pili au ya tatu, si siku ya kwanza.

La pili ni kupanda na kushuka tofali. Tofali za saruji za inchi 5 zilizolazwa, mbili kwa ubavu ili zisiyumbe. Unyayo mzima ukae juu, kisigino kisining'inie. Mkono mmoja ushike ukuta. Kushuka kuwe polepole kuliko kupanda.

La tatu ni nyonga: tyubu ya zamani ya baiskeli, ikatwe, ifungwe kwenye nguzo na kwenye kifundo cha mguu, avute mguu kwenda pembeni na kurudi. Mguu uliosimama ndio unaofanya kazi kubwa, wagonjwa hushangaa. Weka soksi au kipande cha kanga chini ya tyubu isichubue ngozi.

La nne, alale kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, anyanyue makalio, ahesabu 5, ashushe. Anayeona gumu kulala chini afanyie kitandani.

Kila moja raundi 2 za mara 10, baadaye 3 za mara 15. Akimaliza 3 za 15 bila kuharibu umbo la zoezi na maumivu hayapiti 5, ongeza ugumu: ondoa mto, ongeza tofali, au fungia kifundoni mfuko wa mchanga wa kilo 1 ulioshonwa kwa kipande cha kitenge akifanya la kunyoosha goti akiwa amekaa. Ukiongeza idadi tu bila ugumu, misuli haijengeki, na ndiyo kasoro ninayoiona kwenye kliniki nyingi: mgonjwa miezi mitatu yuko kwenye kukaza paja juu ya taulo lililokunjwa. Lile ni zoezi la siku za mwanzo goti likiwa limevimba.

Pima siku ya kwanza na wiki ya 6. Kiti cha kimo cha kama sentimita 43, mikono imekunjwa kifuani, hesabu anasimama mara ngapi kwa sekunde 30. Andika kwenye daftari lake, si kwenye faili lako peke yake. Mama aliyeanza na 7 akaona 11 kwa mwandiko wako hatakuuliza tena kama mazoezi yana faida.

---

Mzizima74:

Karatasi iache kabisa kwa asiyesoma. Mrekodi kwa simu yake mwenyewe, akiwa anafanya yeye, video ya nusu dakika kwa kila zoezi na sauti yako ikimsahihisha. Kama hana simu janja, itumie kwa mwanawe au mjukuu. Na mazoezi uyafunge kwenye jambo analolifanya kila siku: raundi ya kuinuka kitini kabla ya chai ya asubuhi, nyingine kabla ya chakula cha jioni.

---

tiba_pwani:

Assalaam aleikum. Kuna mambo mawili mgonjwa wa huku Pwani hatakuuliza kwa haya, lakini ndiyo yanayomkosesha raha: swala na choo.

Kwenye swala, kinachouma zaidi ni kukaa tahiyatu na kuinuka kutoka sujudu. Dini imempa ruhusa mgonjwa aswali amekaa, na wengi wanaijua, lakini bibi anayeswali chini tangu utotoni anaona kiti ni kushindwa. Usimwambie "acha kupiga magoti." Mwambie kwa sasa aswali kitini, na tunamrudisha chini kwa hatua. Anaanza kupiga magoti juu ya godoro, mikono imeshika ukingo wa kitanda, sekunde 10 mara 5. Kisha juu ya mkeka wenye mto chini ya magoti, na kiti mbele yake. Wakati wa kuinuka aweke mguu mzima mbele unyayo ukiwa chini, mkono kwenye kiti, ajisukume. Wengine watarudi hadi kwenye mswala mtupu, wengine wataishia kwenye mto. Wote wamepiga hatua.

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani mkubwa zaidi, maana goti linakunjwa hadi mwisho na uzito wote uko juu yake. Wanachofanya watu ni kutoboa kiti cha plastiki. Kiti hicho miguu yake hupanuka kwenye saruji yenye maji na mtu anaanguka. Bora fundi wa mbao au wa kuchomelea atengeneze stuli ya miguu minne yenye tundu, iwe na raba chini, na ukutani pigwe bomba la kushikia. Gharama si kubwa na bibi anarudi kunywa maji. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaopunguza kunywa maji makusudi ili wasiende chooni, na ukichanganya na vidonge vya maumivu vya diklofenaki na presha, figo ndizo zinazolipa.

Kuhusu ndoo: lita 20 ni kilo 20 juu ya kichwa, na goti linazihisi zote. Ndoo mbili za lita 10 kwa safari mbili.

---

fizio_wilayani:

Asanteni sana, nimepata mengi. Nina matatu yamebaki. Wenye matege, goti limepinda nje kabisa, je, nao wanapanda tofali? Wenye presha nawafanyaje? Na wanaoniuliza sindano na dawa, nisemeje bila kumvunjia heshima daktari aliyewaandikia?

---

Gegedu:

Matege hayamzuii mtu kufanya mazoezi. Mwangalie akitembea. Kama goti linatulia, anafuata mpango kama wenzake. Kama kila akikanyaga goti linasukumwa nje kwa ghafla, anza na mazoezi ya kukaa na kulala, jenga nyonga na paja kwanza, tofali uje nalo baadaye na liwe la chini. Mpe na fimbo. Fimbo inashikwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi wanashika upande unaouma na hawapati msaada wowote. Urefu wake ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, mikono ikiwa imening'inia na viatu viko mguuni. Chini upigiliwe kipande cha raba ya kandambili isiteleze. Na ngazi wakumbushe hivi: kupanda unaanza na mguu mzima, kushuka unaanza na mguu mgonjwa.

Presha: pima kabla ya kuanza. Ikiwa 180/110 au zaidi, siku hiyo hakuna mazoezi, arudi kwa daktari. Wengine wote wahesabu kwa sauti wanapoinuka. Anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi ndiko kunakopandisha presha ghafla.

Dawa: msimamo wangu ni kwamba jeli ya diklofenaki ya kupaka itangulie vidonge kwa goti. Mara 3 au 4 kwa siku, apake goti zima, anawe mikono. Kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana kulinganisha na kidonge. Vidonge vya kila siku kwa mama wa miaka 65 mwenye presha ni hatari kwa tumbo, figo na moyo, na hilo unaweza kumwandikia daktari kwa heshima tu kwenye kadi: "mgonjwa anatumia kila siku, naomba tathmini." Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, inatuliza kwa wiki kadhaa. Itumike kama dirisha la kuanza mazoezi kwa aliyezidiwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulichoma watu kila baada ya wiki 12 kwa miaka 2: maumivu hayakutofautiana na ya waliochomwa maji ya chumvi, na gegedu lilipungua zaidi. Unga wa kienyeji unaoondoa maumivu usiku mmoja nao umuulizie. Bidhaa za namna hiyo zimewahi kukutwa na steroidi ndani yake, na mtumiaji anavimba uso na sukari inapanda bila kujua chanzo.

Uzito uutaje kwa upole na kwa hesabu. Kilo 1 ikipungua mwilini, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kila hatua. Mama wa kilo 85 akishusha 5, kila hatua ina nafuu ya kilo 20, na anapiga hatua maelfu kwa siku. Lakini usimwambie "punguza uzito ndipo uje mazoezini." Vyote viende pamoja: utafiti mwingine wa Marekani, wa 2013, ulionyesha waliochanganya lishe na mazoezi walipata nafuu zaidi kuliko waliofanya kimoja.

---

bi_nyonga:

Niongezee wasiopaswa kuanzishwa mazoezi kabla ya kuonwa na daktari, maana kliniki zetu hupokea kila goti. Goti la moto, jekundu, limevimba ndani ya siku moja mbili, na homa: hiyo ni dharura, huenda ni usaha. Goti lililojifunga halikunjuki kabisa. Aliyeanguka akashindwa kukanyaga. Maumivu ya usiku yasiyobadilika ukikaa wala ukilala, huku mwili unakonda. Kigimbi cha mguu mmoja kilichovimba na kuuma. Na kabla ya yote zungusha nyonga: kuna wanaolalamika goti kumbe ugonjwa uko kwenye nyonga.

Aliyefanya miezi 3 kwa uhakika, dozi ikapandishwa inavyotakiwa, na bado halali usiku na hafiki sokoni, mwandikie rufaa. MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wanabadilisha magoti, na anayekwenda kwenye upasuaji na paja lenye nguvu anatembea mapema zaidi. Usimfiche hilo, ila lisiwe neno la kwanza.

---

fizio_wilayani:

Nimeelewa. Jumatatu ijayo naanza kikundi cha watu 8, mazoezi 4, daftari la kila mmoja. Nikuulizeni moja: likitibuka katikati ya wiki, likavimba baada ya harusi au siku ya kulima, wasimame?

---

bi_nyonga:

Wasisimame. Siku 2 au 3 wapunguze nusu: raundi 1 badala ya 2, mto urudi kitini, tofali lipumzike, kukaza paja kurudi mahali pake. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 inasaidia uvimbe, isipokuwa mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi. Huyo usimwekee barafu wala maji ya moto. Uvimbe ukishuka wapande tena pole pole hadi walipokuwa. Waambie hili siku ya kwanza, tena mbele ya kikundi kizima. Na huyo wa harusi mpigie wewe simu, usingoje akupigie.